Barua ya wazi kwa viongozi wa Kanisa letu la Kilutheri: andikeni historia yetu wazee wakingali hai

Lubumbashi

Baba Askofu, wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa, mama zetu wa umoja wa wanawake, na ninyi wote mtakaoketi katika sinodi,

Nawasalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo.

Mimi ni mwalimu wa katekisimo katika parokia moja ya komini ya Katuba. Sikusoma teolojia. Ni fundi wa kushona nguo, na kila Jumamosi saa nane za mchana nafunika cherehani, nakwenda kufundisha watoto wa kipaimara. Nimefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa. Kanisa letu lilijengwa kwa matofali ya udongo wa kichuguu, ambayo wazazi wetu waliyafyatua na kuyachoma wenyewe. Ukikaa benchi la nyuma, pale ambapo ukuta haujapakwa saruji, unaona alama za vidole vyao.

Mwezi wa tatu mtoto mmoja wa kike aliniuliza: "Mwalimu, Luther alifika Kongo mwaka gani?" Kabla sijajibu, mwenzake akamwambia kwamba Luther hakufika kokote, aliuawa Amerika kwa risasi. Ilinibidi niwatenganishie watu wawili. Yule wa Amerika, Martin Luther King, alikuwa mchungaji wa Wabatisti, aliuawa Memphis mwaka 1968, na jina lake lilitoka kwa huyu wetu. Huyu wetu alikuwa mtawa wa Ujerumani, alizaliwa na kufia Eisleben, na alifariki mwaka 1546 bila kuiona Afrika. Watoto waliandika hayo kwenye madaftari. Lakini yule binti hakuweka kalamu chini. Akasema: "Basi hapa kwetu nani alileta?"

Nilimjibu nilichokuwa nacho. Nilimwambia makao makuu ya Kanisa letu yako hapa hapa Lubumbashi, kwamba sisi ni komunoté, yaani jumuiya moja, ndani ya Kanisa la Kristo katika Kongo, ECC, ule muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, na kwamba tangu mwaka 1986 tumo katika Shirikisho la Kilutheri la Dunia. Akaandika. Kisha akanitazama akingoja niendelee, nami sikuwa na la kuongeza. Nilikuwa nimempa anwani ya nyumba, naye alikuwa ameuliza nani aliijenga.

Ndiyo sababu ya barua hii. Ninawaomba mfanye kazi ya kuandika historia ya Kanisa letu kwa Kiswahili, na muianze mwaka huu huu, wakati wale walioiona kwa macho yao bado wanaweza kusema.

Huenda wengine watauliza kwa nini sikuleta maneno haya bironi, ofisini kwenu, kwa bahasha iliyofungwa. Sikuchagua njia hii kwa kukosa heshima. Katika ukoo wetu wa Kilutheri barua ya wazi ina mahali pake. Tarehe 30 Juni 1971, Askofu Leonard Auala na Moderator Paulus Gowaseb, viongozi wa makanisa mawili ya Kilutheri ya Namibia, walimwandikia Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster. Siku tisa tu kabla, Mahakama ya Kimataifa ilikuwa imesema kwamba Afrika Kusini inaishikilia nchi yao kinyume cha sheria. Viongozi hao waliandika waziwazi jinsi watu wao wanavyonyimwa haki, na barua ikasomwa makanisani mbele ya waamini siku ya Jumapili. Mkulima aliyekaa mkekani alisikia maneno yale yale aliyopelekewa mkubwa. Miaka miwili baadaye mtambo wa uchapaji wa Kanisa kule Oniipa ulilipuliwa kwa bomu, nao wakaujenga upya. Mimi siandiki juu ya mambo mazito kama yale, wala siwaandikii watesi. Nawaandikia wazazi wangu. Ila nataka mkulima wetu naye asikie, maana ninachoomba kitamhitaji yeye kuliko mtu mwingine.

Tena mimi ni mlei, na hilo pia lina mizizi. Tarehe 25 Juni 1530, Ungamo la Augsburg, tamko la imani ya Walutheri, liliposomwa mbele ya mfalme mkuu Charles V, Luther mwenyewe hakuwepo, kwa kuwa alikuwa ametengwa na sheria ya dola. Melanchthon, mwenzake Luther, ndiye aliyeliandika, lakini aliyelisoma kwa sauti alikuwa Christian Beyer, kansela wa Saksonia, mtu wa sheria. Waliotia sahihi walikuwa watawala na madiwani wa miji ya Nürnberg na Reutlingen. Makala ishirini na nane za imani tunayoiita yetu zilibebwa mbele ya hatari na watu wasiovaa joho. Kila ninapofundisha ukuhani wa waamini wote naanzia hapo, kwa sababu watoto huelewa upesi wakiona kwamba si maneno ya kufurahisha walei, ni jambo lililotendeka.

Nirudi kwenye madaftari ya watoto. Katekisimo Ndogo ina swali moja linalorudi na kurudi: "Maana yake ni nini?" Amri ya kwanza, maana yake ni nini? Baba Yetu uliye mbinguni, maana yake ni nini? Ubatizo, Chakula cha Bwana, maana yake ni nini? Mtoto akishalizoea swali hilo haliachi. Analipeleka shuleni, analipeleka nyumbani, na siku moja analielekeza kwa Kanisa lenyewe. Tumewafundisha wenyewe kuuliza.

Na kitabu hicho kilizaliwa vipi? Luther hakukiandika kwa kukaa chumbani na kuwaza. Mwaka 1528 alitoka kwenda kukagua parokia za Saksonia. Alikuta vijiji ambako watu hawakujua chochote cha mafundisho ya Kikristo, na wachungaji wengine hawakuweza kufundisha. Alirudi na uchungu, na mwaka uliofuata, 1529, akatoa katekisimo mbili, kubwa kwa ajili ya wachungaji na ndogo kwa ajili ya nyumba. Aliandika juu yake kwamba ni namna ambayo mkuu wa nyumba anapaswa kuwafundisha watu wake. Nyumba! Baba na mama mezani, kabla ya kulala. Nalisisitiza hili kwa kuwa ndilo ninalowaomba mlifanye: tokeni, mkakague, msikilize, mkirudi mwandike kitu kidogo ambacho kitaingia nyumbani.

Ninajua mtu anaweza kusema kwamba imani inatosha, historia ni mapambo. Hapa Lubumbashi sioni hivyo. Kwenye avenyu ninayokaa, tangu barabara kubwa hadi sokoni, nimehesabu makanisa kumi na moja, mengi yakiwa ya uamsho yaliyofunguliwa miaka hii ya karibuni. Vijana wetu wanapita milangoni mwao kila siku. Wanaulizwa: "Ninyi Walutheri ni nini? Ni Wakatoliki wenye kuoa?" Wakristo wenzetu wanauliza hivyo kwa sababu wanaona joho, mishumaa, ubatizo wa watoto wachanga, na mkate na divai ambavyo tunaungama kuwa ni mwili na damu ya kweli ya Kristo. Kijana asiyejua alikotoka hana la kujibu isipokuwa kwenda alikovutwa.

Mwenye kujua hujibu kwa amani. Atasema: tunashika Maandiko kuwa kipimo, tunaungama Imani ya Mitume, ya Nikea na ya Athanasio pamoja na Wakristo wote, tunabatiza na tunakula meza ya Bwana, na katikati ya yote tunasema kwamba mtu huhesabiwa haki mbele za Mungu kwa neema, kwa imani, bure, kwa ajili ya Kristo. Ataweza hata kumwambia jirani Mkatoliki kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Kanisa lake na Shirikisho letu walitia sahihi tangazo la pamoja juu ya fundisho hilo lililotugawa kwa karibu miaka mia tano. Na jirani Mmetodisti, ambao mji huu umejaa wao, atamwambia kwamba Wametodisti wa dunia nao walijiunga na tangazo hilo mwaka 2006. Katika parokia yetu kuna mama mmoja ambaye mume wake ni Mkatoliki na mkamwana wake Mmetodisti. Nilipomweleza habari hii aliniomba nimwandikie kwenye karatasi, akaibandika sebuleni.

Lakini hayo yote ni habari ya Ulaya na ya dunia. Mtoto aliuliza "hapa kwetu".

Tazameni wenzetu wa ng'ambo ya ziwa. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilizaliwa tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipoungana kuwa moja. Mlutheri yeyote wa huko aliyepita kipaimara anaweza kukuhesabia ngazi zake, mtaa, usharika, jimbo, dayosisi, hadi ofisi kuu Arusha, na atakwambia kwamba Mkuu wa Kanisa huchaguliwa na Mkutano Mkuu kati ya maaskofu huku akiendelea kuchunga dayosisi yake. Atakutajia Stefano Moshi, wa kwanza kuliongoza. Atakwambia kwamba wamisionari wa Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887 na wale wa Leipzig walianza Kilimanjaro mwaka 1893. Wanajua, kwa sehemu, kwa kuwa wamisionari waliandika barua na taarifa za kila mwaka, na karatasi zile zikahifadhiwa Ujerumani.

Sisi hatuna Leipzig yetu. Kama tunataka karatasi, ni sisi tutakaoziandika.

Na hata huko Tanzania, sehemu inayonigusa zaidi haikuanzia kwa mmisionari. Bukoba, magharibi ya ziwa Nyanza, Wahaya waliokuwa wameonja Injili Uganda walikuwa wakikusanyika kusoma Neno kabla wamisionari wa Bethel, shirika la Kijerumani, hawajafika mwaka 1910. Vita vya kwanza vya dunia vikaja, Wajerumani wakaondolewa, na walimu wenyeji wakabaki wakilishika Kanisa mikononi mwao. Habari kama hiyo ingepotea kirahisi sana. Haikupotea, kwa sababu mtoto wa Kanisa lile lile, Josiah Kibira, aliyekuwa askofu wa kule, aliketi akachunguza na kuandika jinsi Injili ilivyokutana na ukoo wa Kihaya. Utafiti wake ulitoka mwaka 1974. Mwaka 1977, katika mkutano mkuu wa Shirikisho uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Walutheri wa dunia nzima, Mwafrika wa kwanza. Siwezi kusema kwamba kitabu ndicho kilichompandisha. Ninachosema ni kwamba aliyekwenda kusimama mbele ya dunia alikuwa amekwisha kuandika nyumbani kwake kulianza vipi.

Wala tusidhani kuandika ni kazi ya maaskofu na madaktari peke yao. Mji wetu huu una ushuhuda wake. Mwaka 1965, ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, watu waliowahi kuwa maboi na wapishi katika nyumba za wazungu walijikusanya katika chama chao, wakaandikisha historia ya mji, tangu walivyofika Wabelgiji hadi siku zao. Aliyeikusanya na kuiandika ni André Yav. Waliiandika kwa Kiswahili cha hapa, kile kile cha sokoni na jikoni, kisha wakaipiga taipu. Leo wasomi wa vyuo vikuu vya mbali wanaisoma kwa makini, mstari kwa mstari. Kama watu waliofua mashuka ya wengine waliweza, Kanisa zima litashindwaje?

Sasa niwaeleze kilichonitoa usingizini.

Miaka mitatu iliyopita mwanamke mmoja alikuja parokiani kutafuta karte yake ya ubatizo. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kama ilivyo kwa wengi wetu, na biro moja ilikuwa imemwambia kwamba hati ya kanisa ingemsaidia kuthibitisha umri wake. Tulifungua kabati. Rejista ya kwanza ilikuwa imelala chini kabisa, na mvua ya misimu mingi ilikuwa imeshuka juu yake kupitia tundu la bati. Kurasa zilishikana kuwa kitu kimoja kama mkate. Nilipojaribu kuifungua kwa kisu cha kushonea, ilivunjika. Palipokuwa na ukavu, mchwa walikuwa wamepita. Mwanamke yule alisimama akitazama vile vipande, kisha akasema taratibu: "Jina la baba yangu lilikuwa humo." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, baadaye, nyumbani. Kabati lile nilikuwa nalipita kila Jumamosi.

Tangu siku hiyo nilinunua daftari la kurasa mia mbili nikaanza kwenda kwa wazee.

Wa kwanza ni kaku mmoja, bibi mzee, anayekaa nyuma ya soko. Alikuwa mke wa mfanyabiashara wa ndakala, wale dagaa wakavu, huko Kalemie, na miaka ile mume wake alikuwa akivuka ziwa Tanganyika kwenda kuuza na kununua Kigoma. Alinieleza kwamba walikuwa na redio ndogo ya betri, na jioni walikuwa wakitegea Sauti ya Injili. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba matangazo ya Kiswahili yalitayarishwa Moshi na kurushwa na mtambo wa Shirikisho la Kilutheri kule Addis Ababa, ulioanza mwaka 1963 na ukachukuliwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwaka 1977. Yeye hajui Addis Ababa iko wapi. Anachojua ni kwamba jioni moja walifungua redio na sauti haikuwapo tena, na mume wake aliitikisa akidhani betri zimekwisha, akanunua nyingine, ikawa bado kimya. Aliniimbia wimbo uliokuwa ukifungua kipindi. Nimeuandika maneno yake, ila noti siwezi, mwalimu wa korali ameahidi kunisaidia.

Akanieleza pia juu ya katekisimo ya kwanza kuingia nyumbani mwao. Mume wake aliitoa Kigoma, akaizungushia plastiki mara tatu, akaitia katikati ya gunia la chumvi ili maji yasiifikie. Yeye mwenyewe safari hiyo alikuwemo mashuani, akiwa na mtoto mgongoni, na upepo uliwapiga usiku kucha. Nilimwuliza kama kuna mchungaji au mtu wa biro aliyewahi kumwandika habari hizi. Akanijibu: "Habakuniulizaka ata siku moya. We njo muntu wa kwanza." Hakulisema hilo kwa lawama. Alilisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa, na ndiyo maana liliniuma zaidi.

Mzee mwingine, fundi wa njia ya reli mstaafu, alinieleza miaka ile ya sheria mpya za dini. Mwaka 1970 makanisa ya Kiprotestanti yaliungana katika ECC, na sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 ikatambua Kanisa Katoliki, Kanisa la Kimbangu na muungano huo wa Waprotestanti. Kundi la Kiprotestanti lililotaka kusali bila kusumbuliwa lilipaswa kuwa ndani yake. Kwetu sisi wa leo hiyo ni tarehe kwenye kitabu. Kwake yeye ni jioni alizokaa na wenzake chini ya mwembe wakibishana kama wajiunge na kundi gani, nani ana karatasi, nani ana kasheti, yaani muhuri, na kama mtu akijifunika kwa jina la komunoté ya jirani atakuwa ameikana imani yake. Alinieleza kwamba walimaliza ubishi kwa kusoma makala ya saba ya Ungamo la Augsburg: kwa umoja wa kweli wa Kanisa inatosha kukubaliana juu ya Injili na sakramenti, si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu ziwe sawa kila mahali. Sikuwahi kudhani makala hiyo ilikuwa na kazi chini ya mwembe. Sasa ninapoifundisha, naanzia mwembeni.

Baba Askofu, mnaona ninachotafuta. Watoto wetu wanaijua Wittenberg, na ni vyema waijue, tarehe 31 Oktoba 1517 na hoja tisini na tano. Lakini ziwa walilovuka kaku zao halimo kwenye somo.

Ninaomba basi sinodi iteue watu wachache, na kati yao wawepo wanawake, kwa kuwa wanawake ndio walioshika madaftari ya sadaka na wanakumbuka nani alitoa kuku na nani alitoa mlango. Vijana wetu wana simu zenye kurekodi sauti, na gharama yake si kubwa. Kila parokia imtafute mtu wake mkongwe kuliko wote. Rejista zilizobaki zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya mvua za Novemba, na picha ziwekwe mahali pawili au zaidi, kwa maana nimekwisha kuona kabati moja linavyoweza kumaliza majina ya watu.

Iandikwe kwa Kiswahili kwanza. Kifaransa kitakuja, sikikatai, na washirika wa nje watakihitaji. Lakini Luther alipojifungia katika ngome ya Wartburg alitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likatoka mwaka 1522, ili mama nyumbani na mtoto barabarani wasikie. Kaku yule hasomi Kifaransa. Haitakuwa haki achukuliwe maneno yake kisha arudishiwe kitabu asichoweza kusomewa akaelewa.

Na mahali tulipogombana, paandikwe pia. Ninajua hili ni gumu, na sitaki kutaja jambo lolote hapa. Wenzetu wa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waligawanyika vikali huko Meru juu ya kuunda dayosisi mpya, hadi damu ikamwagika, na dayosisi ya Meru ikaja kukubaliwa baada ya machozi mengi. Habari hiyo inajulikana na inasimuliwa, na Kanisa lao halikubomoka kwa kusimuliwa. Wazee niliowasikiliza, wakifika kwenye ugomvi, hushusha sauti na kunitazama kama wananiuliza ruhusa. Sina mamlaka ya kuwapa. Ninyi mnayo. Barua moja kutoka kwenu, kusomwa makanisani, ikiwaambia wazee wetu waseme yote bila kuogopa kwamba watahesabiwa wapinzani wa mtu fulani, ingefungua vinywa ambavyo daftari langu haliwezi kufungua.

Sidai kwamba mimi ndiye niwe mwandishi. Mkono wangu ni wa sindano. Mkiteua watu wenye elimu nitawakabidhi daftari langu. Limefika ukurasa wa 143. Nimeandika sauti za wazee saba. Wawili kati yao tumewazika mwaka huu, mmoja kabla sijarudi kumwuliza jina la mwinjilisti aliyembatiza.

Kaku wa nyuma ya soko yu hai, ila tangu Pasaka haamki kitandani. Binti yake anasema anakuwa na nguvu asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, kisha anachoka na kuchanganya watoto wake na ndugu zake. Mkimtuma mtu, aje saa hizo. Apitie kwangu Katuba, nitamwongoza; duka langu la kushona linafunguliwa saa moja.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu wa katekisimo,
Komini ya Katuba, Lubumbashi